MWALIMU NAYE AFUNDISHWE



Wengine watauliza kwa nini karatasi ya watu wa reli inaandika habari za walimu wa Chuo Kikuu. Jibu letu ni fupi. Watoto wetu wamo humo, karo tunalipa sisi, na mwalimu ni mfanya kazi kama sisi. Akipewa kazi mpya bila kufunzwa, hilo ni jambo la chama.

Sisi twajua maana ya kazi ya pamoja. Treni haiendeshwi na dreva peke yake. Yuko aliyekaza reli, yuko aliyekagua breki, yuko stesheni masta aliyetoa ruhusa ya njia. Kila mmoja ana ufundi wake, wala hawezi kusema kazi ya mwenzake haimhusu. Lakini hakuna aliyezaliwa akijua hayo. Tulifundishwa, tukafanya mtihani wa kanuni, tukawekwa chini ya mtu mzima wa kazi mpaka akaridhika nasi.

Sasa vyuo vikuu navyo vinataka kufundisha kazi ya pamoja. Desturi ya zamani ni mwanafunzi wa udaktari kukaa na wa udaktari, na wa uhandisi na wa uhandisi. Lakini taabu za watu hazikugawanywa kama vyumba vya chuo. Maji machafu mtaani ni kazi ya mhandisi, na ya daktari, na ya mjuzi wa sheria za ardhi, na ya wenye mtaa wenyewe. Kwa hiyo wanafunzi wa masomo mbali mbali huwekwa kikundi kimoja, wakapewa taabu moja ya kweli waitafutie dawa. Jambo hili ni jema, nasi twaliunga mkono.

Wala si jambo la jana. Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada kilianza mwaka 1969 kufundisha udaktari kwa vikundi vidogo vinavyochunguza taabu za wagonjwa. Chuo cha Aalborg, Denmark, kilifunguliwa mwaka 1974, na wanafunzi wake hufanya kazi kwa vikundi. Huko Linköping, Sweden, tangu mwaka 1986 wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi na wa kazi nyingine za afya wamekuwa na masomo ya pamoja. Na mwaka 1996 walipewa wodi ya kujifunzia, wakatunza wagonjwa kwa pamoja chini ya macho ya wakubwa wa kazi. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kikafuata njia hiyo ya vikundi na kuwapeleka wanafunzi vijijini na katika vituo vya afya. Kilishirikiana na hao wa Linköping.

Lakini angalieni vizuri, ndugu. Njia hii inageuza kazi ya mwalimu kabisa. Aliyezoea kusimama mbele akasema saa nzima sasa aambiwa akae kando, asikilize, aulize swali moja la kufaa, halafu anyamaze tena. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu mwenye kujua. Tena huenda akakaa pamoja na mwalimu wa somo jingine, nao hawasemi lugha moja ya kazi. Wasipokutana mapema wakapanga, watabishana mbele ya wanafunzi. Haya yote hujifunzwa. Hayaji kwa amri.

Mwanachama mmoja alitusimulia habari za binti yake. Chuoni waliwekwa sita kikundi kimoja, wa masomo matatu. Mwalimu aliwaambia, "Fanyeni pamoja," akaenda zake. Wawili walifanya kazi usiku na mchana, wanne walitia sahihi. Alama zilikuwa sawa kwa wote. Binti akamwambia baba yake, "Nimejifunza kwamba ushirikiano ni kubebwa." Je, hilo ndilo somo tulilolipia karo?

Hatumlaumu mwalimu yule. Nani alimwonyesha jinsi ya kupima kazi ya kila mtu ndani ya kazi ya wote? Hata serikali zimekosana juu ya jambo hilo. Mwaka 2006 Denmark ilipiga marufuku mitihani ya kikundi ikisema kila mtu apimwe peke yake. Mwaka 2012 serikali nyingine ikairuhusu tena. Ikiwa serikali nzima inasita, mwalimu mmoja ataachwaje ajitafutie?

Wapo wasemao kwamba mtu mwenye digrii tatu hahitaji kufundishwa. Sisi twajibu: dreva hodari si lazima awe hodari wa kufundisha madreva. Huko Denmark mwalimu kijana wa Chuo Kikuu hupitishwa kwanza katika mafunzo ya kufundisha kabla ya kupata kazi ya kudumu. Hakuna anayeona ni kudharauliwa.

Basi twasema mambo manne. Kwanza, mwalimu afunzwe kabla ya kupewa darasa la namna hii, naye akae kwanza katika darasa la mwenzake aone. Pili, saa za kufunzwa na za kupanga pamoja zihesabiwe kuwa saa za kazi. Tatu, walimu wawili wakifundisha darasa moja pamoja, asihesabiwe kila mmoja kuwa amefanya nusu ya kazi, maana kazi yao imeongezeka. Nne, wanafunzi nao wafundishwe kugawana kazi na kusemezana ukweli, kabla ya kupewa alama.

Wakati ni mchache. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya wa shule zetu wanatazamiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029, na ushirikiano ni mmoja wa ujuzi wanaofundishwa tangu darasa za chini. Itakuwa aibu wakute mwalimu ambaye hakupewa nafasi ya kujiandaa.

Kwa ndugu zetu wahadhiri twasema hivi. Mwaka 1993 mligoma mkidai chama chenu kiandikishwe; mlikinyimwa, mkangoja mpaka mwaka 2003. Msiitumie nguvu hiyo kwa mshahara tu. Mkikaa mezani na waajiri, wekeni na mafunzo katika makubaliano. Na wale kati yenu wasiotaka kubadili kitu, wajue kwamba sisi wazazi twawatazama pia.

Hakuna atakayempa mtu treni ya abiria kwa sababu ameshika kitabu cha kanuni mkononi. Watoto wetu ni abiria wa thamani zaidi.

Umoja ni nguvu, lakini umoja hufundishwa.