Mvuna tumbaku naye alindwe

Wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Songwe kwenda Lilongwe wanazijua bei za mazao ya Malawi kwa kichwa. Hali ya watu wanaoyalima haizungumzwi sana, ilhali biashara yote inaanzia kwao.

Tumbaku ndiyo inayoiingizia Malawi sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Jani lake likilowa umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi ya mvunaji. Hupata kizunguzungu, kichwa humuuma, hutapika na mwili hulegea. Mwaka 2009 shirika la Plan International liliripoti kwamba mtoto anayefanya kazi hiyo Malawi anaweza kufyonza hadi miligramu 54 za nikotini kwa siku, sawa na kuvuta sigara 50.

Mwaka 2019 Malawi iliridhia Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu usalama na afya katika kilimo. Mwaka huohuo Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi isiingie nchini humo kwa madai ya kutumikisha watoto na watu wazima kwa nguvu. Asiyemjali kibarua, basi alijali soko.

Hata hivyo, mkataba peke yake haumvishi mtu glavu. Katika wilaya ya Dowa ipo kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, yenye maelfu ya wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Akitoka mmoja wao kwenda ganyu, yaani kibarua cha shamba, lebo ya dawa ya wadudu iliyoandikwa kwa Kiingereza huenda isimsaidie kitu.

Hapo mfanyabiashara ana wajibu. Dawa iliyopimwa na kutiwa kwenye chupa ya soda haina jina, kipimo wala onyo, asiiuze. Kidumu kilichokuwa na dawa kitobolewe, kisichotewe maji.

Wenye mashamba watoe glavu, mabuti, maji na sabuni, na wasubiri umande ukauke kabla ya kuvuna. Serikali ipeleke wakaguzi mashambani, na maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kichewa na Kiswahili, yafike Area 36 jijini Lilongwe kama yanavyofika Dzaleka.

Soko linalopitisha magunia mpakani lipitishe pia kinga ya anayeyajaza.