Ua Linalokufa kwa Kumwagiliwa Mno

Mwezi huu tuachane na mawaridi ya Siku ya Wapendanao, yale yanayonyauka kabla wiki haijaisha. Ukitaka kumpa mwenzi wako ua la kukaa nalo miaka, mpe la hapa hapa kwetu: Saintpaulia, ua la Usambara.

Ni ua fupi. Majani yake yana manyoya laini, yamejipanga duara karibu na udongo, na maua mara nyingi ni ya zambarau. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya milimani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilituma kwa baba yake Ujerumani, likapewa jina la ukoo wao. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, sisi wenyewe wengi hatulijui! Nunua lililooteshwa kitaluni. Usiling'oe msituni, linatoweka.

Wewe wa Musoma, jua la ziwani si mchezo. Liweke penye mwanga, lisipigwe na jua la mchana. Bunda, hivyo hivyo. Butiama, kule mwinukoni, usiku wa baridi lisogeze mbali na dirisha. Chungu kiwe kidogo, chenye matundu chini, na udongo mwepesi wenye mboji.

Kasheshe iko kwenye maji. Tuseme wewe uko Musoma, mwenzio kazi imempeleka Bunda, mnaonana wikiendi. Ijumaa unamwagilia ili alikute zuri. Jumamosi naye anamwagilia, aonekane anajali. Mizizi inaoza, ua linanyong'onyea, mnadhani lina kiu, mnaongeza! Kumbe dawa ni kugusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu juu, weka maji yasiyo ya baridi kwenye kisahani cha chini. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Halafu mkubaliane nani anamwagilia. Hata ndoa nyingine huchoka hivyo: kila mmoja anatoa, hakuna anayeuliza mwenzake anahitaji nini.

Likistawi, kata jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Baada ya miezi miwili, mitatu hivi, miche midogo itachomoza pembeni. Mmoja mpelekee Bunda. Hapo akipiga simu usiku mtakuwa na la kuulizana zaidi ya "umekula?"

Tukutane mwezi ujao!