Majira Hayauzwi kwa Pakiti

Wapo wanaouza upishi wa majira wa Wachina kama hirizi: orodha ya vyakula, pakiti ya mizizi, na ahadi ya uzima. Huko ni kuuza ganda na kutupa kiini.

Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kilimtaka mtu aende sambamba na majira. Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, alishauri maradhi yakabiliwe kwanza kwa chakula, na dawa ifuate chakula kikishindwa. Ndipo jiko la Kichina likapika supu ya choroko wakati wa joto, na baridi kali ikiingia likateleka nyama ya kondoo kwa tangawizi.

Basi anayeihamishia Unguja sufuria hiyo ya Disemba, kaskazi ikivuma na jasho likitiririka, amemtii nani? Kalenda ameifuata, majira ameyaasi. Watu wa pwani nao, kwa tiba ya Kiyunani iliyowafikia kupitia Waarabu, tangu zamani hutenga vyakula vya joto na vya baridi. Wauziwe nini ambacho hawanacho?

Wala jiko lisivishwe joho la hospitali. Choroko haziponyi malaria, wala supu haishiki nafasi ya insulini. Anayemshawishi mgonjwa atupe dawa zake hana haki ya kumtaja Sun Simiao, ambaye mwenyewe aliandika vitabu vya dawa. Hekima ile yamtaka mpishi atazame kwanza upepo uvumao mlangoni pake.