Kioo Nacho Kina Nafasi Yake Madrasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwaka huu baadhi ya wazazi walituuliza kwa nini Jumamosi moja, baada ya Adhuhuri, tuliwatoa watoto uani na vipande vya vioo badala ya kuwadurusisha juzuu. Waliuliza kwa adabu (isipokuwa mmoja, naye tumekwisha msamehe), kwa hiyo tunajibu.

Sababu ni kijana wetu wa kidato cha pili, mwenye hifdhi nzuri, aliyetuambia anangoja kidato cha tatu aiache fizikia kwa kuwa ni "elimu ya Wazungu". Tuliona aibu. Nani alimzoesha kufikiri hivyo kama si sisi walimu wake?

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra mwaka 965 hivi na kufariki Cairo mnamo 1040. Wayunani akina Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miale ikaenda kugusa kitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir chenye vitabu 7 ndani yake, alionyesha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaja jichoni. Kwamba mwanga ukigonga kioo kwa mshazari huruka upande wa pili kwa mshazari uleule, hilo Wayunani walilijua. Lakini yeye hakutosheka na kauli. Alitumia vioo vya chuma, bapa na vilivyobenuka na vilivyobonyea, akapima. Wazungu wenyewe walisoma kitabu chake kwa Kilatini karne nyingi.

Vioo vya zamani vilikuwa shaba au chuma kilichosuguliwa. Kupaka fedha nyuma ya kioo kama tujuavyo kulitokana na kazi ya Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Huku kwetu, Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, ameeleza vioo vikubwa kutoka Ulaya vilivyopamba kuta za nyumba za wakubwa wa Unguja.

Uani watoto walichora mistari kwa chaki, wakalirusha jua la Dodoma hadi ndani ya darasa lenye giza. Kioo cha pembeni cha bajaji, kwa kuwa kimebenuka, kiliwaonyesha uwanja mzima, ila kila mtu mdogo kama kidole.

Kisha tukarejea hadithi iliyomo katika Sunan Abi Daud, inayomfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake. Miaka yote tumeisomesha bila kushika kioo mkononi. Binti mmoja akauliza: "Ustadh, na kioo chenye vumbi?" Tukakipaka vumbi la uani, ambalo hapa halikosekani, na mwanga ukatawanyika ovyo ukutani. Hatukuhitaji kueleza zaidi.

Kijana wetu bado hajaamua. Somo litarudiwa inshaallah, na wazazi tunawaomba vioo vilivyosuguliwa kingo, maana safari ile mtoto mmoja alijikata kidole.