Liemba na Mwongozo: nani mzee, nani kijana?

Mara ya mwisho nilipokuwa Kigoma, mwisho wa reli, jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye alinianzishia ubishi ambao nimerudi nao mpaka Dar. Tulikuwa tumekaa Ujiji, tunasubiri migebuka ya kukaanga, akaniambia hivi: "Nyie waandishi mnaililia Liemba kama bibi yenu. Lile ni chuma la Mjerumani. Liwekwe makumbusho, tununue meli za kisasa, basi."

Sikumjibu vizuri siku ile kwa sababu samaki waliletwa. Namjibu leo.

Tuanze na anachopatia. Liemba kweli ni ya Mjerumani. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa bara mpaka Kigoma. Februari 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Götzen, jina la yule gavana ambaye chini yake Maji Maji ilizimwa kwa risasi na kwa njaa. Kwa hiyo mtu akiniambia hana mapenzi na meli hii, namwelewa kabisa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilikuta likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa.

Mwongozo yeye ni mtoto wa uhuru, wa mwaka 1982. Hata jina linakumbusha ule Mwongozo wa TANU wa 1971. Kwenye karatasi anamshinda mzee: anachukua abiria 800, mzee 600. Hapo ndipo jamaa yangu anapoacha kusoma. Angegeuza ukurasa angeona kwamba Mwongozo anabeba tani 80 za mizigo, Liemba tani 200.

Sasa nyie mliozaliwa mijini mtasema, abiria si ndiyo muhimu? Jamani, kule ziwani hakuna abiria bila mzigo. Mama anayepanda Kirando hasafiri kwenda kutembea. Ana magunia ya dagaa, na asipoyafikisha Kigoma au Mpulungu kwa wakati hana alichosafiria. Mwingine ana madumu ya mawese, mwingine mchele, mwingine kuku. Ukimpa kiti kizuri ukamnyima nafasi ya gunia, umemwacha ufukweni.

Nilipanda Liemba kwenda Kasanga miaka kadhaa iliyopita. Sitawadanganya kwamba ni raha. Lakini usiku ule sijausahau. Meli inasimama katikati ya maji, inapiga honi, ufukweni kuko giza totoro. Ghafla unaona taa, halafu unasikia kelele, na mitumbwi na boti za mbao zinakuja mbio kugombania ubavu wa meli. Mlango wa pembeni unafunguliwa. Watu wanapanda na wengine wanashuka kwa pamoja, mtoto anarushwa mikononi mwa mtu asiyemjua, gunia linafuata, mtu anatukana, mwingine anacheka. Winchi juu inanyanyua shehena. Nusu saa baadaye kimya, tunaondoka. Kisha kijiji kingine, yale yale. Niliuliza kwa nini hatuendi gatini. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia mfuko wake wa mahindi akanijibu, "Gati lipi, mwanangu?"

Ndiyo maana nasema chombo kizuri ni kile kinachojua kinakokwenda. Siku hizi Karema kuna bandari, na magati yameanza kuongezeka, hilo nalipongeza. Ila vijiji vingi bado vinapokea meli kwa mtumbwi.

Halafu kuna hili la uzee. Hilo "chuma la Mjerumani" limebaki hasa kwenye bodi. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli, na mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Kila kizazi kimeitia mkono mfukoni. Kwa hiyo wanaosema Liemba imedumu kwa sababu Wajerumani ni mafundi wanasema nusu tu. Imedumu kwa sababu kila ilipochoka kuna mtu aliamua haijafa. Mwongozo, mdogo wake kwa karibu miaka sabini, hakupata kudekezwa hivyo, na wote wawili wakafika mahali wakasimama. Umri haukumsaidia kijana chochote.

Na zinaposimama meli hizi watu hawaachi kusafiri. Wanapanda boti za mbao zenye injini ya kuning'iniza nyuma, wamejazana juu ya magunia, wengi bila jaketi la kuokolea maisha, kwenye ziwa ambalo upepo wa kusini ukichachamaa unainua mawimbi kama ya baharini. Desemba 2014, upande wa Kongo, chombo kiitwacho Mutambala kilipinduka, watu zaidi ya mia moja wakafa.

Miezi michache baadaye, Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwa kimeingia. Ni meli gani iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma? Mzee wa 1915, safari baada ya safari, watu mia sita hivi kwa mara moja.

Sipingi meli mpya, wadau. Zije, hata kesho. Ila atakayeichora apande kwanza mpaka Kasanga, alale sitahani, ahesabu magunia, aone ule mlango wa pembeni unafanya kazi gani. Nilifurahi serikali ilipoamua Liemba ikarabatiwe tena badala ya kuachwa ioze.

Jamaa yangu bado anasema makumbusho. Kwao ni Kipili. Nimemwomba akienda kumwona mama yake anipigie simu aniambie amepanda nini.