Deni la Bodi ya Mikopo: Mlimalize sasa au muwekeze kwanza?

Kuna swali linalozusha mabishano katika nyumba nyingi za wafanyakazi vijana. Mama na baba wamejinyima, wamepata akiba kidogo. Baba anataka ipelekwe yote Bodi ya Mikopo ili deni la chuo liishe. Mama anasema hapana, tuwekeze, watoto wanakua. Kila mmoja anaona mwenzake hajali kesho ya familia.

Kabla hamjanuniana, chukueni karatasi na kalamu.

Hofu ya baba ina chanzo chake. Miaka ya nyuma deni la Bodi lilikuwa linaongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka, kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Mtu alikuwa anakatwa kila mwezi, akiuliza salio anaambiwa deni bado liko palepale. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Wengi wetu tuliisikia habari hiyo, lakini hesabu zetu za nyumbani hatukuzibadilisha. Bado tunalikimbia deni kama vile linatukimbiza.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Makato ya Bodi ni asilimia 15, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi. Deni lake limebaki milioni 6. Akiacha makato yaendelee kama kawaida, atamaliza baada ya miezi 50, miaka minne na miezi miwili.

Sasa nyumbani wana akiba ya milioni 4. Wakiilipa yote leo, deni litabaki milioni 2 na litaisha ndani ya miezi 17. Baada ya hapo shilingi 120,000 itarudi mfukoni kila mwezi. Ukijumlisha miezi 33 waliyookoa, utapata ile ile milioni 4 waliyoitoa. Hawakupata hasara, lakini hawakupata faida pia.

Wakiiweka milioni 4 mahali panapolipa, tuseme, asilimia 10 kwa mwaka, watapata shilingi 400,000 kila mwaka. Kwa miaka minne ni milioni 1 na laki 6, na mtaji wao upo. Deni nalo litakuwa limeishia kwenye makato. Hapo mama ana hoja.

Lakini mama naye asishangilie mapema. Hoja yake inasimama tu kama uwekezaji ni wa kweli. Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba kila miezi sita, ni uwekezaji. Vipande vya mifuko ya UTT AMIS ni uwekezaji, ingawa faida yake hupanda na kushuka. Pesa iliyokaa kwenye simu na kupungua kila wikiendi si uwekezaji. Kama mnajijua kwamba akiba haikai mikononi mwenu, afadhali ikalipe deni.

Yapo pia mazingira ambayo baba ndiye mwenye hoja. La kwanza, mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Kama mnapanga kukopa benki mjenge, makato ya Bodi yanaweza kuwapunguzia kiasi cha kukopa. Kulimaliza deni kwanza kunaweza kuwafungulia njia.

La pili, kama mnufaika amejiajiri, hakuna mwajiri wa kumkata. Anatakiwa apeleke mwenyewe, si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Kuwekeza huku hulipi chochote si ujanja, ni kukwepa. Pesa inayorejeshwa ndiyo inayosaidia kukopesha wanafunzi wengine, na siku moja mmoja wao anaweza kuwa mwanao.

Na kabla ya kugombana kuhusu Bodi au hatifungani, angalieni madeni mengine. Kama mna mkopo wa mtaani, ile tunayoiita kausha damu, au mkopo wa benki wenye riba kubwa, akiba iende huko kwanza. Hakuna hatifungani itakayowalipa riba inayofikia ile mnayotozwa na kausha damu. Kisha tengeni fedha ya dharura, angalau matumizi ya miezi mitatu, ili mtoto akiugua usiku msianze kupiga simu za kukopa. Kinachobaki ndicho cha kujadili.

Wiki hii fanyeni jambo moja. Ombeni taarifa ya deni kutoka Bodi, muilinganishe na makato yaliyo kwenye hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Kaeni wote wawili, watoto wakishalala, muisome pamoja. Wapo wanaobishania deni la milioni 6 kumbe limebaki milioni 3. Mkishajua kiasi halisi, uamuzi utakuwa mwepesi, na utakuwa wenu wote wawili.