Andazi Moja Tu

Katika wiki ya kwanza baada ya mpwa wangu kurudi Kinole na majibu ya hospitali, watu watatu walimpa andazi. Wa kwanza ni jirani, kwa mapenzi tu. Wa pili ni shangazi yake, aliyesema moja haliwezi kumdhuru mtoto. Wa tatu ni mimi. Nilikuwa nakunywa chai, akanyoosha mkono, nikammegea kabla akili haijafika. Kwa hiyo nikilaumu hapa, mjue nami nimo.

Mtoto ana miaka mitatu. Kwa zaidi ya mwaka aliharisha, tumbo likajaa, mikono ikakonda, na mstari wake kwenye kadi ya kliniki ukalala wakati ya wenzake ikipanda. Alipewa dawa ya minyoo mara nne. Kila aliyemwona alimwambia dada yangu amlishe vizuri, na siku hizi kumlisha mtoto vizuri maana yake ni uji wa lishe. Dada alimlisha, asubuhi na jioni, kwa bidii ya mama mwenye hofu. Unga ule ulikuwa na ngano. Kadiri alivyotii ushauri ndivyo alivyomuumiza mwanawe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki. Kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vinalika hadi utumbo unabaki bapa. Mtoto anashiba na bado mwili wake una njaa. Dawa haipo. Kuna kuacha gluteni, yote, maisha yote. Ni kweli andazi moja halimuui leo. Linachokoza tu kidonda kilichokuwa kinaanza kufunga.

"Huo ugonjwa wa Wazungu," nimeambiwa, tena na watu wenye shahada. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisaharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi wanaoishi kambini. Kati ya watoto karibu 1,000, asilimia 5.6 walikuwa na seliaki, kiwango kinachokipita cha Ulaya kwa mbali. Ngano ilikuwa imekuwa chakula chao kikuu. Huku kwetu mtoto anayeharisha na kukonda ana sababu nyingi za kutafutiwa kwanza, na hilo ni sawa. Lakini ukishauita ugonjwa wa watu wengine, hutautafuti hata baada ya dawa ya minyoo ya nne.

Sasa chakula. Dada alirudi na karatasi ya vyakula: mkate usio na gluteni, tambi zisizo na gluteni, biskuti hivyo hivyo. Vinapatikana Dar es Salaam, kwenye maduka ambayo mlinzi anakutazama viatu kabla hujaingia. Karatasi ile iliandikiwa mtu ambaye bila mkate hajala.

Sisi tuko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwa Chifu Kingalu. Tuna ndizi, magimbi, mihogo, viazi vikuu, mahindi, mpunga, maharage, mafenesi, machungwa, nanasi. Hakuna hata kimoja chenye gluteni. Ulezi na mtama navyo havina. Mtoto huyu amezaliwa mahali ambapo karibu kila kinachotoka ardhini ni halali yake, halafu sisi tunamhurumia kwa kukosa mkate!

Tunamhurumia kwa sababu tumezoea kudharau. Jaribu kumwekea mgeni kutoka mjini gimbi la kuchemsha na chai, uone mama wa nyumba anavyoomba radhi. Andazi ni heshima, gimbi ni ukata. Na heshima hiyo haikuota yenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, juu ya malisho ya Wabarbaig, ili nchi ipate mkate. Wabarbaig walipoteza ardhi yao nzuri, na hadi leo ngano yetu nyingi inashushwa melini.

Wapo watakaorukia upande wa pili na kusema ndizi zetu ni dawa. Taratibu. Hilo lilishasemwa New York mwaka 1924 na daktari Sidney Haas, aliyewalisha watoto wa seliaki ndizi kwa wingi. Walipata nafuu, wengi wakaokoka, naye akaamini ndizi ndiyo iliyoponya. Walioonekana wamepona wakarudishiwa mkate, na ugonjwa ukarudi. Ni daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeonyesha kuwa mkosaji ni ngano. Katika njaa ya vita ya 1944 na 1945 mkate uliadimika kwao, na watoto wa seliaki wakapata nafuu, uliporudi, wakaugua. Ndizi haikutibu kitu. Ilikalia tu nafasi ya mkate. Na ndizi peke yake haimjengi mtoto aliyedhoofika: anahitaji maharage, mayai, dagaa, karanga, mboga za majani.

Kwa hiyo bibi yake ametoa kinu. Ulezi unapepetwa, unachaguliwa punje kwa punje, unatwangwa nyumbani, kwa sababu mashine ya kusaga haiulizi gunia lililotangulia lilikuwa la nini. Mihogo yake haikaangwi kwenye mafuta yaliyotoa maandazi. Ni kazi, na wanaoifanya ni wanawake. Sisi wajomba, ambao kwa Waluguru tuna kauli juu ya mtoto wa dada, tumebaki na kauli.

Yangu naipeleka kwa wanaouza unga wa lishe. Andikeni kilichomo. Siombi unga maalumu, naomba orodha ya kweli.

Mwezi uliopita, sokoni mjini Morogoro, niliokota mfuko ulioandikwa "nafaka saba" na kumuuliza muuzaji ni zipi. Alihesabu kwa vidole: mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele, soya. Nikamwambia hizo ni sita. Akaugeuza mfuko, akautazama nyuma na mbele.

"Ya saba siijui, kaka. Mimi naletewa ikiwa imeshasagwa."